Vidonge vya magoti vya Mama

*Familia ya Kibosho 🙏🏾*

Upendo: Shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Nimelala huku kwa mama, saa tisa usiku nimemkuta kakaa kitandani mito mitatu mgongoni anasema akilala chali pumzi inakata. Miguu imevimba mpaka kandambili hazipiti, nimembonyeza kidole juu ya kifundo shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa

Godi: Mungu wangu. Presha umepima?

Upendo: 178/102. Na dawa ya presha anameza kila asubuhi nimehesabu vidonge mwenyewe hajaruka hata siku moja

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Si baridi tu ya huko juu na umri jamani

Upendo: Hapana baba mdogo. Nimefungua lile kopo la majani ya chai anamowekea dawa nimekuta diclofenac, zile za maumivu, za miligramu 50, anameza tatu kwa siku. Aliandikiwa magoti mwezi wa kwanza, SIKU TANO. Leo ni mwezi wa tano. Zikiisha anamtuma kijana wa bodaboda dukani anarudi nazo hakuna anayemuuliza kitu

Neema Arusha: Upendo asimeze tena hata ya mchana. Mimi nauza dawa kila siku nawaambia kitu ninachokijua, hiyo dawa inazifanya figo zishikilie chumvi na maji, damu inaongezeka wingi moyo unasukuma mzigo usiouweza, halafu inaipunguzia nguvu dawa ya presha. Yani mama anameza moja asubuhi zile tatu zinaivuruga. Na 150 kwa siku muda mrefu ndo inapandisha hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Ulaya tangu 2013 wamesema mwenye moyo kufeli au aliyewahi kupata kiharusi asipewe kabisa

Godi: Ila aliandikiwa na daktari aisee

Neema Arusha: Aliandikiwa ndio, na hakuulizwa kama ana presha, hilo linaniuma sana. Vioxx nayo ilikuwa ya daktari, dawa ya maumivu ndugu yake na hii, ikaondolewa sokoni 2004 kwa sababu ya moyo hiyohiyo

Baba Mdogo: Basi aache zote mpaka aonwe

Neema Arusha: Hapana baba mdogo!! Ya presha asiiache. Kuna dawa za presha zinavimbisha miguu ndio lakini hiyo pumzi ya kukata usiku ni kitu kingine, leo hii aende hospitali KCMC. Mbebeni na kopo lote

Shangazi Ndeshi: Mbona mimi hizo nameza nikitoka migombani na sina presha

Neema Arusha: Shangazi shikamoo, una sukari, nayo inaongeza hatari hiyohiyo ya moyo. Na madhara hayasubiri miaka, yanaweza kuanza wiki za mwanzo tu

Godi: Niko Mbuyuni napakia mzigo, naushusha nakuja na gari. Upendo mvalishe sweta

*saa 8:40 mchana*

Upendo: Tumeonwa. Wamempima moyo ule wa kubandika waya kifuani, wamechukua damu waangalie figo, wamemchoma sindano ya kukojoa, ameshaenda chooni mara nne na anaongea sentensi nzima bila kupumzika. Daktari kamwaga kopo lote mezani akaanza kutenganisha kimoja kimoja. Wanamlaza

Baba Mdogo: Asante Yesu. Magoti je?

Upendo: Yanamuuma, kaniuliza nimemfichia wapi vidonge vyake. Wamempa panado. Neema ile jeli ya kupaka vipi?

Neema Arusha: Inaingia kidogo sana kwenye damu kuliko kidonge, ila muulize daktari huyohuyo kwanza majibu ya figo yakitoka. Na lile duka la bodaboda Godi pita uwaambie wasimuuzie tena

Godi: Napita sasa hivi

Shangazi Ndeshi: Neema za kwangu nimezitoa kwenye mkoba ziko hapa mezani. Nipigie