Mjadala: Je, nyumba mpya za Lamu zilazimishwe kujengwa kwa mawe na boriti?

Mtoa hoja, Mkomani: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mji mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una masharti yake. Swali langu linahusu mitaa inayopanuka, kama Wiyoni na Kashmir, ambako nyumba za matofali ya saruji na mabati hazikaliki mchana bila feni, na mwenye uwezo hutia kiyoyozi. Watu wa Lamu walikipinga kituo cha umeme wa makaa ya mawe hadi leseni yake ya mazingira ikafutwa mwaka 2019. Itakuwaje basi tujenge nyumba zinazodai umeme kila saa? Nyumba ya kale ina kuta nene za mawe ya matumbawe, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kinachotoa hewa moto, na kichochoro kisichopigwa na jua ila adhuhuri. Mimi naunga mkono sharti.

Fundi, Langoni: Wa alaykum salaam. Kwa heshima, Mwalimu, umeusifu ukuta ukaacha kinachoufanya ufae. Ukuta mnene hunywa joto mchana na kulitoa usiku, na usiku wa pwani haupoi kama wa bara; ndiyo maana watu walipanda kulala juu, chini ya makuti, penye upepo. Ukuta huo huo bila kiwanda, wala madirisha yanayopokea pepo za kusi na kaskazi, ni tanuri la bei ghali. Ama boriti, zinatoka katika mikoko, na sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko hapa kwetu. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti mwaka 2018, wakataji wengi walikosa riziki. Sharti lako litaupeleka mji mzima msituni. Ni kweli kwamba saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, lakini chokaa ya kushikanisha mawe nayo huchomwa kwa kuni (ingawa, tuseme haki, hunyonya tena sehemu ya hewa hiyo inapokuwa ngumu ukutani).

Mama wa Wiyoni: Kiwanja changu ni kidogo. Nikitoa nafasi ya kiwanda, watoto walale wapi?

Fundi, Langoni: Hilo ndilo nisemalo, mama. Sharti lisitaje mawe, litaje kivuli na hewa: dirisha pande mbili za kila chumba, dari chini ya mabati na tundu la kutolea joto juu yake, paa lililotokeza nje ya ukuta, na rangi nyeupe. Haya hata mwenye matofali ya saruji anayaweza.

Mtoa hoja, Mkomani: Nayakubali, ila dirisha la pande mbili halina maana iwapo jirani atajenga ukuta wake shubiri moja kutoka kwako, na huko Kashmir ndivyo ilivyo. Kabla ya masharti ya chumba, tukubaliane kwanza nafasi kati ya nyumba na nyumba, na ni nani atakayekuwa na ubavu wa kumsimamisha mwenye kiwanja kabla msingi haujachimbwa.