Mrejesho: utafiti wa uzamivu kuhusu umeme mdogo wa maji, Njombe
Niliwauliza kama utafiti wangu wa uzamivu katika uhandisi wa umeme na kompyuta, unaohusu mitambo midogo ya umeme wa maji huku Njombe, uanze na modeli ya kompyuta au na vipimo vya mtamboni. Wengi mlishauri vipimo, na msimamizi wangu amekubali. Frikwensi ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, inayopaswa kuwa hezi 50, hupanda pale mashine ya kusaga inapozimwa, kwa kuwa maji huendelea kuisukuma turbini kwa nguvu ileile ilhali mzigo, yaani umeme unaotumika, umepungua. Hapo kidhibiti cha kielektroniki huupeleka umeme uliozidi kwenye hita, ambazo kwa baridi yetu zingefaa kuwachemshia watu maji ya kuoga. Sasa ninaandika programu ya kuugawa umeme huo, modeli itafuata.