Nina pointi 7, nimepangiwa PCM, ila nawaza nibaki nyumbani mwaka mmoja. Ushauri wakuu

Kijana_Nachi: Wakuu, shikamooni. Nina miaka 18, Form Four nimepata Division One ya pointi 7, nimepangiwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) shule ya vipaji maalumu. Naripoti wiki ijayo. Nawaza nibaki kwanza nijipange. Usingizi sipati.

Baba Tausi: Nenda PCM, mdogo wangu. Mimi 2009 niliikimbia Fizikia nikasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Leo nauza vipuri vya bodaboda Masasi, na kila injini ikifunguliwa mbele yangu naikumbuka.

Mama Wawili: Mwanangu, mtu wa pointi 7 hajipangi wiki ya mwisho. Kuna kitu hujasema.

Kijana_Nachi: Ni pesa ya maandalizi, mama. Mzee aliuza ufuta akanipa 480,000. Zimebaki 130,000.

Mama Wawili: Nyingine ziko wapi?

Kijana_Nachi: Nimebeti. Ila sibeti kama wa vijiweni. Nina fomula, nimekokotoa wastani wa magoli misimu mitatu. Mikeka 20, imetiki 14. Nikiacha sasa, 350,000 zitakuwa zimeenda bure.

Abuu Salma: Kamari ni haramu, pesa yake haina baraka. Tubu kwanza, mengine baadaye.

Mzee wa Kona: Tupia hiyo fomula hapa, na sisi tuna njaa.

Kinyozi_Mbagala: Chai hii! Ada ya Form Five ilifutwa 2022. Maandalizi gani ya laki nne na themanini?

Kijana_Nachi: Kaka, isome fomu ya kujiunga. Godoro, tranka, sare, mashuka, michango, nauli kutoka Nachingwea. Hata godoro sijanunua.

Mwl_Hesabu: Mimi namwamini. Nimefundisha miaka 22, wanaonitoa jasho ni hao hao wenye akili. Kijana, daftari na kalamu jumla 2,200. Daftari limeizidi kalamu kwa 2,000. Kalamu bei gani?

Kijana_Nachi: 100, mwalimu. Wengi hukimbilia 200.

Mwl_Hesabu: Sahihi. Hiyo mikeka 20 ndiyo yote uliyocheza?

Kijana_Nachi: Iliyochanwa na goli la dakika za nyongeza sikuiandika. Ile ni bahati mbaya, fomula haikukosea.

Mwl_Hesabu: Umeona? Swali langu umelikagua, la kwako unalitetea. Mwaka 2012 West, Meserve na Stanovich waliwapima wanafunzi wa vyuo jambo hili hili: akili nyingi haikumsaidia mtu kuyaona makosa ya fikra zake mwenyewe. Aliyaona kwa wenzake. Wewe akili yako imekutafutia sababu nzuri ya kuifuta mikeka iliyochanika. Laki tatu na nusu zimeshaenda, ubeti usibeti. Sasa nijibu: ungekuwa hujawahi kubeti, una 130,000 tu na wiki moja ya kuripoti, ungeziweka humo?

Kijana_Nachi: Hapana. Ningenunua godoro.

Mama Wawili: Zitoe kwenye akaunti ya kubeti sasa hivi, mwanangu.

Kijana_Nachi: Nimezitoa. Ziko kwenye laini ya kaka. Mzee anarudi shamba saa kumi na mbili. Naanzaje kumwambia?

Baba Tausi: Mkabidhi kwanza hizo 130,000 mkononi, ndipo ufungue mdomo. Na PCM uende.