Nimechaguliwa kutunza sadaka na nimesoma mpaka la sita tu: nikubali?

Mama wa Katuba
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kanisa letu hapa Katuba, Lubumbashi, ni dogo, watu kama 80 kwa ibada ya Yenga (Jumapili). Wazee wamenichagua niwe mtunza hazina. Nimesoma mpaka darasa la sita la primere. Kujumlisha na kutoa najua, kuzidisha kunanichanganya. Baba mchungaji ananiambia, "Mama, Mungu atakusaidia, usiogope." Mungu namwamini. Ila makuta (pesa) ni ya watu, na kosa moja linaweza kugawanya kanisa. Nikikubali ni imani, au ni kumjaribu Mungu? Na Yenga inayokuja nianzie wapi?

Shemasi wa Kampemba
Mama, kubali. Lakini kabla ya Yenga waambie wazee wote, siyo mchungaji peke yake, yale uliyotuambia hapa: kujumlisha najua, kuzidisha mnisaidie. Paulo alisema nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12), na alikuwa anazungumzia mchango wa fedha hasa.

Kazi yenyewe sasa. Msihesabu chini ya watu wawili, watatu ni vizuri zaidi, na wasitoke nyumba moja; mume na mke hapo ni mtu mmoja. Kitunga kikitoka mbele kiende mezani moja kwa moja, watu wakiwa bado wanaona. Dola ziwekeni kando kwanza. Franka zipangeni: 20.000, 10.000, 5.000, 1.000, 500, 200, 100. Zile za 100 na 200 huwa zimelegea na kushikana, zinyosheni moja moja, maana hesabu hupotelea hapo. Fungeni kumi kumi: noti ya kumi ikunjwe kuzizunguka zile tisa. Kila mmoja ahesabu kimya, aandike namba yake, kisha mlinganishe. Zikitofautiana, rudieni wote. Msimrudishe mmoja tu, kwa sababu hamjajua nani amekosea.

Kikaratasi cha siku kiwe hivi:

5.000 × 4 = 20.000
1.000 × 37 = 37.000
500 × 64 = 32.000
200 × 45 = 9.000
100 × 28 = 2.800
Jumla: franka 100.800
Dola: noti 3 za 5 = dola 15

Tarehe, sahihi za wote waliohesabu. Na kuzidisha kusikutishe: kifungu cha kumi cha 1.000 ni 10.000, cha 500 ni 5.000, cha 200 ni 2.000. Ukishafunga, unajumlisha tu, na hilo unalijua. Mwenzako athibitishe kwa kikokotoo cha simu.

Kaye (daftari) iwe na kurasa zilizopewa namba kabla hujaandika chochote, ili karatasi ikichanwa ionekane. Andika kwa biki (kalamu ya wino). Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba, andika namba iliyo sawa pembeni, weka sahihi yako. Usifute kamwe, namba iliyofutwa huleta maneno hata kama ilikuwa kosa la kalamu.

Dada wa Ruashi
Naongeza juu ya dola, kwa sababu makanisa mengi yanaanguka hapo. Dola zipewe ukurasa wake. Ukizigeuza kuwa franka kwenye kaye siku ya Yenga, kisha mtu anazipeleka kwa kambiste (mbadilisha fedha) siku ya tatu na bei imeshabadilika, kaye na sanduku havitalingana tena, na watu wataita wizi. Andika dola 15, basi. Siku ya kuzibadilisha, andika dola 15 zimetoka, franka kadhaa zimeingia, na bei ya siku hiyo pembeni. Dola iliyochanika, hata kidogo, iandikwe kuwa imechanika, maana kambiste ataikataa au ataikata bei.

Sadaka ya kazi maalumu (mabati, wajane) iwe na bahasha yake. Msiikope "mpaka Yenga ijayo".

Mzee wa Kamalondo
Wapendwa, haya yote yananisumbua moyo. Sahihi tatu, watu watatu mezani, tunamfanya mama huyu kama mtuhumiwa. 2 Wafalme 12:15 inasema wale waliopewa fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana hawakudaiwa hesabu, kwa maana walitenda kwa uaminifu. Tumwamini Mungu, tumwamini na mtumishi wake.

Mwalimu wa Biblia, Kenya
Mzee wangu, kwa heshima yote, tuanze juu kidogo. Mstari wa 9, kuhani Yehoyada anatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku. Mstari wa 10, fedha zikiwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanapanda pamoja, wanazihesabu na kuzifunga mifukoni. Mtu wa ikulu na mtu wa hekalu, wawili. Uaminifu wa mstari wa 15 ni wa wasimamizi waliopewa fedha za kuwalipa mafundi, fedha ambazo zilikuwa zimeshahesabiwa.

Na swali la mama kuhusu imani limejibiwa katika Ezra 8. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani kwenda Yerusalemu, kwa sababu alikuwa amesema mkono wa Mungu uko juu ya wamtafutao. Wakafunga, wakaomba, wakasafiri bila askari. Lakini mizani aliishika kwa sadaka walizobeba: talanta 650 za fedha, talanta 100 za vyombo vya fedha, talanta 100 za dhahabu, akawapimia wakuu wa makuhani 12. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne, zikapimwa tena mbele ya watu wanne, kila kitu kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Majambazi wa njiani aliwaacha kwa Mungu. Kupima ilikuwa kazi ya mikono yake, akaifanya. Mama, kujumlisha ndiyo mizani yako.

Mzee wa Kamalondo
Mstari wa 10 sikuwa nimeuzingatia. Asante, mwalimu.

Mama wa Katuba
Mungu awabariki. Nitakubali, na nitawaambia wazee wote. Moja bado: mwisho wa mwezi nikikuta pamepungua 2.000, nijaze kwa makuta yangu?

Shemasi wa Kampemba
Hapana, mama. Ukijaza kimya unaficha kosa, na mwezi ujao litarudi likiwa kubwa. Andika "pungufu 2.000", waonyeshe wazee siku hiyo hiyo, kisha pitieni vikaratasi kimoja kimoja. Anza na matumizi yasiyo na risiti, nauli ya pikipiki na makala (makaa). Aliyepokea hizo aandikiwe karatasi na kutia sahihi. Zikizidi 2.000, andika vilevile.