Nalinganisha maonyesho ya Chicago ya 1893 na ya kwetu, daftari la mlangoni limenikwamisha. Naombeni ushauri

Njiapanda
Wakuu, habari za majukumu. Niko mwaka wa mwisho, historia. Tasnifu yangu inalinganisha Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya 1893 na maonyesho madogo ya kwetu ambayo yalifanyika mara moja tu, siku tano, kabla sijazaliwa. Msimamizi ni mkali: vyanzo vya msingi tu, hataki kusikia "inasemekana".

Upande wa Chicago nimeshiba hadi navimbiwa. Ramani zipo, picha zipo, magazeti ya siku zile, vitabu vya mwongozo, mpaka tiketi zenyewe. Upande wa kwetu nina vitu vitatu: ripoti ya kamati, picha kumi na moja, na daftari la mlangoni walilokuwa wakijaza wauza tiketi. Tatizo ni kwamba ripoti na daftari havipatani. Daftari lina watu pungufu kwa zaidi ya theluthi.

Nitumie kipi? Au daftari niliache kabisa niende na ripoti? Sura inatakiwa Ijumaa. Usingizi sina.

Jongoo Mpole
Ngoja waje wajuvi. Mimi nimevuta kiti.

Kalamu Butu
Badili mada mkuu, mapema. Chukua Paris 1889, ule mnara wa Eiffel walioujenga kwa ajili ya maonyesho umesimama mpaka leo. Chicago wamebaki na nini? Yale majengo meupe yalikuwa jasi na nyuzi juu ya fremu, mengi yakateketea kwa moto 1894. Unaandika historia ya majivu. Mimi mwenyewe nilibadili mada mara tatu, msimamizi akawa ananiita kwa jina la mada badala ya jina langu, lakini nilimaliza.

Njiapanda
Sijauliza kubadili mada.

Mama Wawili
Mwanangu pole. Umenikumbusha marehemu mama. Tulipokuwa tunagawana vitu vyake tukakuta tiketi ya maonyesho ya ujana wake, imebanwa ndani ya kitabu cha sala. Imetobolewa vizuri, rangi bado ipo. Nyuma kuna jina limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Jina la mwanaume. Si la baba yetu. Dada yangu akasema tuichome, mimi nikaificha. Ninayo hadi leo na sijui niifanyie nini.

Gogo la Shamba
Mama Wawili hicho sasa ndicho chanzo cha msingi, hiyo Chicago iwekwe pembeni 😂 Jina linaanza na herufi gani?

Mama Wawili
Ustaarabu tafadhali.

Fundi Saa
Mleta mada, nimewahi kufanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka, nikusaidie kidogo.

Unauliza kipi ni cha kweli kati ya viwili. Anza kwa kuuliza kila kimoja kilikuwa kinahesabu nini. Chicago inakufundisha hilo vizuri kuliko maonyesho mengine yote. Utasoma kila mahali kwamba walihudhuria zaidi ya milioni 27. Lakini hesabu za mlangoni zinaonyesha waliolipa ni kama milioni 21 na nusu. Hao milioni sita waliobaki hawakuruka ukuta. Ni wafanyakazi, wenye mabanda, waandishi, wageni wa heshima, watu wenye pasi waliopita getini kila siku na kila siku wakahesabiwa upya. Hata hao waliolipa si "watu", ni maingizo. Mkazi wa jirani aliyekwenda mara kumi ni kumi.

Tarehe 9 Oktoba 1893, siku waliyoiita Siku ya Chicago, kumbukumbu ya moto mkubwa wa 1871, walilipa getini watu 716,881. Angalia idadi ilivyo kamili hadi mtu wa mwisho. Imetoka kwenye geti linalohesabu. Sasa niambie hiyo ripoti yenu inasemaje. Namba kamili au "zaidi ya elfu kadhaa"?

Kwenye picha napo kuwa macho. Mpiga picha rasmi, Charles Dudley Arnold, alipiga ule mji mweupe kama ndoto, majengo makubwa na maji yametulia. Ukisimama hapo utadhani kila mtu aliridhika. Kisha soma kijitabu alichokitoa Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mmarekani mweusi, mwaka uleule, pamoja na mpigania haki Frederick Douglass na wenzao, kueleza kwa nini Wamarekani weusi hawakupewa nafasi mle ndani. Kiligawiwa kwenye banda la Haiti, ambalo Douglass ndiye alikuwa mwakilishi wake. Maonyesho yaleyale, mwaka uleule, na vyote viwili ni vyanzo vya msingi. Hutupi kimoja kwa sababu kinagombana na kingine. Ugomvi wao ndiyo sura yako.

Swali langu: hilo daftari lilitunzwa na nani, na limefikaje mkononi mwako?

Njiapanda
Asante sana mkuu, umenifungua macho. Ripoti inasema "zaidi ya elfu kadhaa", kweli. Daftari nilipewa na mtu wa stoo ya kamati. Lakini hilo si la muhimu sana. Swali langu ni kama naruhusiwa kuliacha.

Fundi Saa
Ndilo la muhimu kuliko yote. Na kwa nini unataka kuliacha? Mtafiti akipata daftari la mlangoni hulala nalo chini ya mto. Wewe unalikimbia.

Gogo la Shamba
Hapo kuna jambo. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya hesabu za tiketi.

Mwalimu Mstaafu
Vijana wa leo mnapenda njia ya mkato. Enzi zetu tulinakili nyaraka kwa mkono kuanzia asubuhi mpaka mlinzi anazima taa. Hakukuwa na kupiga picha kwa simu. Ukweli hauachwi kijana, hata ukiwa mchungu. Mficha maradhi kilio humfichua.

Njiapanda
Mwalimu, shikamoo. Sijasema naficha.

Basi niseme. Daftari halikutoka stoo. Nimelikuta kwenye kabati la baba mdogo, chini ya vyeti vyake. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina wa yale maonyesho. Na yeye ndiye anayenilipia ada tangu mwaka wa kwanza.

Watu wazima wa kwetu wamesema miaka yote kwamba fedha za mlangoni ziliyeyuka. Ukichukua idadi ya ripoti ukaizidisha kwa bei ya tiketi, zilizokabidhiwa hazifiki. Ukichukua idadi ya daftari zinafika vizuri, hakuna hata senti inayokosekana.

Na hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu lile daftari lina mwandiko mmoja na wino mmoja, kurasa zote, siku zote tano. Mwandiko wake. Mlangoni walikuwa wauza tiketi wanne.

Gogo la Shamba
Eeeeh! Kumbe.

Jongoo Mpole
Nimesogeza kiti mbele.

Kalamu Butu
Nilisema badili mada.

Fundi Saa
Sasa tunaongea. Mwandiko mmoja unakuambia kitu kimoja tu: hilo si daftari la mlangoni. Ni nakala safi. Watu wengi waaminifu huandika nakala safi jioni kutoka kwenye vishina vya tiketi, na watu wasio waaminifu nao huandika nakala safi. Karatasi peke yake haitakuambia ni yupi. Tafuta vishina, stakabadhi za benki, au mmoja wa wale wanne kama yu hai. Na msimamizi wako mwambie ulivyolipata. Anajua lipo?

Njiapanda
Anajua lilikuwepo.

Fundi Saa
"Lilikuwepo"?

Njiapanda
Nilimwambia limeliwa na mchwa.

Kabla hamjanishambulia naomba mnielewe. Sikusema uongo ili nipate maksi, nilisema ili nimlinde mtu aliyenilea. Sura nimeshaiandika kwa ripoti peke yake na inasomeka vizuri. Sijabadilisha namba hata moja. Kutotumia chanzo si sawa na kukighushi. Hata huko Chicago hakuna anayetumia kila karatasi.

Gogo la Shamba
Mchwa wa tasnifu hao hawali meza wala mlango, wanachagua daftari tu 😂😂

Mwalimu Mstaafu
Kijana, umemsingizia mdudu asiye na mdomo wa kujitetea. Nenda kwa msimamizi wako leo.

Nukta Tatu
Samahani kwa kuharibu shughuli. Nimeusoma uzi wote kuanzia juu. Mwanzoni daftari "walilokuwa wakijaza wauza tiketi". Baadaye kidogo kapewa na mtu wa stoo. Kisha liko kabatini kwa baba mdogo, mwandiko mmoja. Kisha mchwa. Akaunti imefunguliwa juzi. Mwenyewe anasema msimamizi hataki "inasemekana", halafu kisa chake chote kinasimama juu ya "watu wazima wa kwetu wamesema".

Hii ni chai. Hakuna tasnifu, hakuna baba mdogo. Mtu anatafuta kuandikiwa kazi ya darasani bure, na Fundi Saa umeshamwandikia nusu.

Kalamu Butu
Hata mimi nilihisi. Na hiyo 1893 yenyewe ina walakini. Si walisherehekea miaka 400 tangu Columbus afike Amerika? Kafika 1492. Jumlisha 400 ni 1892. Kaupika mwaka.

Fundi Saa
Kalamu Butu, hapo umejikwaa. Walichelewa. Sherehe ya kuyaweka wakfu majengo ilifanyika Oktoba 1892 ili mwaka usiwapite, milango ikafunguliwa kwa umma tarehe 1 Mei 1893. Hata lile gurudumu kubwa la Ferris lilianza kubeba watu tarehe 21 Juni, maonyesho yana wiki saba tayari. Kwa hiyo ukiletewa picha ya gurudumu limejaa abiria ukaambiwa ni ya siku ya ufunguzi, ujue anayekuletea ama anadanganya ama hajui. Tarehe kutolingana hakuthibitishi kwamba jambo halikutokea. Mara nyingi kunaonyesha kwamba jambo lilifanywa na binadamu.

Nukta Tatu
Vizuri. Basi atuwekee picha ya ukurasa mmoja. Mmoja tu.

Njiapanda
Siweki. Ni mwandiko wa mtu aliye hai na kuna majina ya watu mle.

Nukta Tatu
Nilijua.

Mama Wawili
Muacheni mtoto wa watu. Mtu akibadilisha maneno mara tatu si lazima awe mwongo, anaweza kuwa na aibu. Mimi ile tiketi nimewaambia watu imepotea. Mume wangu nimemwambia niliichoma. Na iko kabatini.

Gogo la Shamba
Mama Wawili tupe herufi ya kwanza tu basi.

Nukta Tatu
Sawa, kwa heshima ya Mama Wawili nauliza tofauti. Njiapanda, kama unalo, lielezee. Mistari ikoje? Vichwa vya safu vimeandikwaje? Anayetunga huwa hajafika huko.

Njiapanda
Kaunta buku ya kawaida, jalada gumu, uti wake umebandikwa kitambaa cheusi. Klipu imeacha kutu juu kushoto. Kila siku ina kurasa mbili. Safu ya kwanza namba ya tiketi ya kuanzia, ya pili namba ya kuishia, ya tatu kichwa chake T, ya nne B. Siku ya tatu ina doa la maji limefuta mistari sita, akairudia pembeni kwa herufi ndogo. T ni tiketi zilizouzwa, B ni baki. Mimi nilijumlisha T.

Fundi Saa
Subiri. B ni baki nani kakuambia?

Njiapanda
Hakuna. Niliona ni kawaida, zilizouzwa na zilizobaki.

Fundi Saa
Ana namba ya kuanzia na ya kuishia. Zilizobaki kitabuni zinajulikana tayari, safu ya baki ya nini tena? Chukua siku moja. Toa ya kuanzia kwenye ya kuishia, halafu jumlisha moja, maana tiketi ya kwanza nayo imeuzwa. Ukipata T peke yake, basi B iko nje ya tiketi kabisa. Kisha jumlisha T na B za siku zote tano uone unakaribia wapi.

Njiapanda
Nimefanya siku zote tano. Ya kuishia kutoa ya kuanzia, jumlisha moja, inatoa T kila siku. B haimo.

T na B kwa pamoja zinafika kwenye idadi ya ripoti. Zinapungua kidogo tu.

Mama Wawili
B ni bure.

Gogo la Shamba
B ni BURE! Wanafunzi, wenye mabanda, wageni rasmi. Ndio wale milioni sita wa Fundi Saa! Mzee hakula kitu!

Nukta Tatu
Taratibu. Kama ningekuwa nimekula theluthi ya fedha za mlangoni, hiyo safu ya B ndiyo ningeiandika. Jioni, nimetulia, kwa wino mmoja.

Fundi Saa
Nukta Tatu yuko sahihi, na nafurahi kaacha kusema ni chai. B inaweza kuwa bure, inaweza kuwa kitu kingine. Kuna mtu mmoja anayejua kwa hakika, naye ana sababu ya kukujibu vyovyote. Bado lazima aulizwe, na jibu lake liandikwe kama alivyolisema, likiwa na tarehe. Hicho kitakuwa chanzo chako cha nne. Msimamizi mwandikie usiku huu kuhusu mchwa, kabla hujaongea na mzee. Ukianza na mzee utapata sababu ya kutoandika.

Njiapanda
Msimamizi nimemwandikia. Mistari minne, sikujitetea. Bado hajajibu.

Baba mdogo nimempigia mara mbili. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili kapokea, nikamuuliza afya, akaniuliza ada ya muhula ujao ni lini. Nikamwambia nitakuja Jumamosi tuongee. Kaniuliza kuhusu nini. Nikasema kuhusu yale maonyesho. Kanyamaza kidogo, kisha kasema, "Njoo na lile daftari."

Sikuwahi kumwambia kwamba ninalo.

Jongoo Mpole
Kiti sikitoi mpaka Jumamosi.