Papa na changu, nani alitangulia? Nauliza kutoka meza ya kupara, Feri

MparajiWaFeri
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Napara samaki hapa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Changu nikimpasua, chini ya uti wa mgongo nakuta kile kiputo cheupe, ukikichoma na ncha ya kisu kinafanya "pu". Papa sijamkuta nacho hata siku moja. Yeye ana ini, tena ini hasa, lile ambalo wazee wa vyombo wanatoa sifa, yale mafuta ya kupaka mbao. Na mfupa hana, kisu kinapita kwenye gegedu kama unakata muhogo mbichi.

Juzi mteja mmoja, kavaa tai, kanishushia somo: papa ndiye samaki wa kwanza duniani, ndiyo maana hana mfupa. Mifupa na puto vilikuja baadaye, kwa hiyo changu ni mjukuu wa papa. Nikamwuliza, na taya je, lilitoka wapi? Akalipa, akachukua mfuko wake, akaenda zake. Naomba mwenye kujua.

Mtumishi_Kgb
Samaki waliumbwa siku ya tano, papa na changu wake pamoja. Soma Mwanzo 1. Kazi njema.

MparajiWaFeri
Amina mtumishi. Ila mimi nimeuliza puto.

MwalimuMstaafu
Marahaba kijana. Nimefundisha baiolojia mpaka chaki imeniingia kifuani, na nimezaliwa Musoma, hivyo utanivumilia nikimleta kamongo, samaki wetu wa ziwani, kwenye meza ya changu.

Mteja wako amerudia kitu ambacho hata sisi tulikifundisha zamani. Samaki wa mwanzo kabisa wanaojulikana hawakuwa papa. Walikuwa vidudu vya sentimita mbili tatu, dagaa wako anawazidi. Mmoja anaitwa Haikouichthys, ametoka kwenye miamba ya Chengjiang, Uchina, yenye umri wa miaka kama milioni 518. Hana taya, hana mfupa, ana mdomo tu. Baada yake wakaja wengine wasio na taya vilevile, ila kichwa kimefunikwa mabamba ya mfupa kama kobe. Umeona? Mfupa umetangulia taya, na umemtangulia papa. Mwaka 2020 wataalamu walieleza samaki wa kale wa Mongolia, Minjinia, mwenye mabamba usoni na taya, ambaye fuvu lake lina mfupa hadi ndani. Kwa hiyo inaelekea wazee wa papa walikuwa na mfupa wakauacha. Gegedu lake si ushamba.

Taya sasa. Kesho mfunue changu shavu, angalia zile pinde zinazobeba nyuzi nyekundu. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba upinde wa mbele wa namna hiyo ndio uliogeuka taya. Likishapatikana taya, bahari ikaharibika: zaidi ya miaka milioni 358 iliyopita alikuwepo Dunkleosteus, jitu lisilo na meno ya kawaida, lina mabamba ya mfupa yanayojinoa yenyewe kila yanapokutana.

Na puto lako, wenzetu wa Ziwa wanaliita bondo, la sangara linauzwa ghali kuliko nyama yake. Darwin mwaka 1859 alidhani pafu limetokana na puto. Leo inaonekana ni kinyume: samaki wa kale wenye mifupa walikuwa na mapafu, wakipanda juu kumeza funda la hewa, na ukoo wa changu ukaligeuza pafu kuwa boya la kuelea. Ukoo wa papa haukuwa nalo, anajisaidia na mafuta ya ini. Kamongo yeye kabaki na mapafu yake. Nikiwa mtoto tulikuta kamongo kakesha ndani ya wavu chini, hakuweza kupanda kuvuta pumzi. Asubuhi kafa maji. Samaki! Baba alicheka mpaka akakaa chini.

BintiMbweni
Mwalimu, mbona hata kambare anavuta hewa? Na vile visamaki vya macho juu vinavyorukaruka kwenye matope ya mikoko huku kwetu, si ndivyo vilivyotoka majini vikawa wanyama?

MwalimuMstaafu
Binti, kambare hana pafu, ana vitu kama vishada juu ya mashavu. Hao wa mikoko ni ukoo wa changu, wamejifunzia matope kivyao. Waliotoka ni ukoo mwingine, wenye mapezi ya nyama na mfupa ndani. Tafuta Tiktaalik, alichimbuliwa kaskazini ya Kanada mwaka 2004, wa miaka milioni 375. Alikuwa na magamba na mapezi, lakini pia shingo. Mparaji anajua kichwa cha changu kilivyoshikana na mifupa ya bega, huwezi kukitoa bila kugombana nacho.

WaKilwa
Niko Mbagala ila kwetu Kilwa. 2003 alinaswa silikanti, yule samaki wa kale, kisiwani Songo Mnara, baadaye Tanga wakawanasa wengi kwa majarife ya papa mpaka ikawekwa hifadhi. Yeye ana mapezi ya nyama. Si ndiye babu?

MwalimuMstaafu
Binamu. Ilidhaniwa ameisha pamoja na dinosaria, mpaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. Lakini aliye karibu zaidi nasi ni kamongo. Tena kamongo yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na changu.

MparajiWaFeri
Mwalimu asante sana. Leo alfajiri nimehesabu zile pinde za changu, ziko nne kila upande zenye nyuzi, na ya tano ndogo nyuma haina nyuzi. Baadaye kaja mama na kolekole wa kilo tatu, nikalitoa puto zima bila kulipasua, nikamwonyesha: mama, hili zamani lilikuwa pafu. Akaniambia nifanye haraka, ana wageni saa saba.