Mabaki ya Kilembe: yasafishwe upya au yafukiwe?

Mleta mada: Mgodi wa shaba wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, ulisimama miongo mingi iliyopita, lakini mabaki yake yangali kando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko ya 2013 na ya 2020 yaliyamega na kuyashusha bondeni. Kwa kuwa bado mna shaba na kobalti ndani yake, je, tuyasafishe upya au tuyafukie yatulie?

Mkemia wa Jinja: Yasafishwe. Lile rundo la pairiti (madini ya chuma na salfa, hapa yenye kobalti ndani yake) lililoachwa Kasese, mji wa jirani, lilianza kuingizwa matangini mwaka 1999, bakteria wakaivunja pairiti, kobalti ikaingia katika asidi, chuma kikatengwa kwa mawe ya chokaa, kisha umeme ukaikusanya kobalti ikiwa metali. Bakteria wa namna hiyo hiyo hufanya kazi hata kwenye rundo lililo wazi, ila huko asidi humwagika bure. Anayelima ukingoni akijua hayo amejitakia.

Binti Nyamwamba: Amejitakia? Ndugu yangu, mama yangu hakulifuata rundo. Mto ndio uliohama usiku mmoja, ukamwachia mchanga wa kijivu juu ya mihogo yake.

Mkemia wa Jinja: Sikumtaja mama yako, nami namheshimu. Nilizungumzia kanuni.

Binti Nyamwamba: Kanuni hailimi, kaka.

Mzee wa Reli: Wanangu, poleni. Mkemia analinganisha visivyolingana: rundo lile lilikuwa makinikia, yaani pairiti iliyochambuliwa na kutengwa wakati shaba ikipelekwa kuyeyushwa huko kwenu Jinja, ilhali mabaki ya mtoni yamekwisha kukamuliwa, na kiasi cha metali kilichobaki huenda kisilipe hata gharama ya chokaa. Hata hivyo kuondolewa kwa rundo lile kulikuwa na faida, maana maji yake yalikuwa yakiunguza majani hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth.

Binti Nyamwamba: Shikamoo, mzee. Na hicho chuma kilichotengwa, pamoja na tope la jasi litokanalo na chokaa na asidi, vilikwenda wapi?

Mzee wa Reli: Marahaba. Kwenye mabwawa ya tope, mwanangu. Kila usafishaji huacha mabaki yake, japo hayo hayana ukali wa pairiti.

Mkemia wa Jinja: Swali la tope ni la haki. Neno "amejitakia" nalifuta. La bakteria silifuti.

Binti Nyamwamba: Lifute na lile la "akijua". Nani alikwenda kumwambia?